Eliza wawili, nafasi moja: tuanze na sauti au na uigizaji?

SWALI
Kutoka kwa: Mwongozaji

Ndugu zangu wa jukwaani, salaam. Naomba ushauri juu ya jambo lililoninyima usingizi tangu tumalize usaili. Kikundi chetu kimepata leseni ya kuirudisha jukwaani My Fair Lady, tamthilia ya muziki ya Alan Jay Lerner na Frederick Loewe iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwezi Machi mwaka 1956, nasi tumepanga kuicheza kwa wiki sita, maonyesho manane kila wiki. Nafasi nyingi zimejazwa bila ubishi. Mzee Doolittle tumempata, Kanali Pickering tumempata, na kijana atakayekuwa Freddy aliimba mistari minne tu, tukatazamana, tukafunga daftari. Kilichotukwamisha ni Eliza, muuza maua maskini, na Profesa Higgins, mtaalamu wa matamshi anayeweka dau kwamba atamfundisha kusema kama mwanamke wa daraja la juu, yaani wale wawili ambao mchezo wote umewekwa mabegani mwao.

Kwa nafasi ya Eliza wamebaki wasichana wawili. Wa kwanza ana soprano, yaani sauti ya juu ya kike, safi na iliyofunzwa vizuri, ambayo hupanda bila msikilizaji kuhisi kwamba kuna ngazi. Lakini anapoigiza muuza maua wa Covent Garden, soko la London, unachokiona ni binti wa watu aliyejipaka masizi usoni kwa ajili ya picha. Wa pili ni mwigizaji wa kweli. Alipofika pale Eliza anapomrushia Higgins sapatu zake, chumba kizima kilinyamaza, na mmoja wa wajumbe wa jopo akasahau kuandika alama. Hata hivyo, sauti yake ni ya kifuani, na ule wimbo wa usiku, Eliza anapokataa kulala kwa furaha, ulimshinda mwishoni, si kwa kutoka nje ya noti, bali kwa kukaza shingo hadi sote tukamwonea huruma.

Kwa Higgins hali ni hiyohiyo kwa namna nyingine. Mmoja ana umri wa miaka 52, watazamaji wanalijua jina lake, na kuimba hawezi kabisa. Mwingine ana miaka 36, anaimba na kuigiza vizuri, ila hakuna atakayenunua tiketi kwa sababu yake.

Nauliza hivi: katika kuirudisha kazi ya zamani inayopendwa kama hii, mizani ianze kupima nini? Je, inafaa kuushusha ufunguo wa wimbo, yaani kuushusha wote kwa noti za chini zaidi, ili kumsaidia yule wa pili? Na je, umri wa wawili hawa wakiwekwa pamoja ni jambo la kuangaliwa, au ni wasiwasi wangu tu?


JIBU LA KWANZA
Kutoka kwa: Kiongozi wa muziki

Ndugu Mwongozaji, nianze na lile la ufunguo kwa kuwa ndilo jepesi. Leseni ya mchezo kama huo kwa kawaida hairuhusu kubadilisha muziki bila idhini, kwa hiyo andikeni barua kwa wenye haki mapema na msingoje hadi mazoezi yaanze. Idhini ikipatikana, kazi haijaisha: kila mpigaji anahitaji karatasi mpya, na rangi ya nyuzi na ya tarumbeta hubadilika hata kwa kushuka hatua moja na nusu tu. Nimewahi kufanya hivyo mara kadhaa na dunia haikuanguka. Ila katika wimbo huo unaousema, kule kupanda ndiko habari yenyewe. Msichana amegundua usiku ule kwamba kuna ghorofa juu ya ile aliyokuwa akiishi. Ukiishusha dari, umeshusha na ugunduzi wake.

Lililonitia shaka zaidi ni jinsi mlivyowasikiliza. Inaonekana kila mmoja aliimba wimbo wake akiwa amepumzika, akapumua, akanywa maji, akaondoka. Eliza halisi hapati nafasi hiyo. Katika sehemu ya kwanza pekee anapiga kelele sokoni kwa Cockney, lahaja ya watu wa chini wa London, anaimba kwa upole kuhusu kiti na chumba chenye joto, anakemewa, analia kwa kuguna, anaimba kwa hasira akimtakia Higgins kifo, anarudiarudia zoezi la matamshi hadi usiku wa manane, na ni baada ya hayo yote ndipo anatakiwa kufungua koo na kupanda. Ngoma ikilia sana hupasuka. Nimewaona wenye soprano nzuri kuliko hiyo wakikwama katika wiki ya pili, kwa kuwa walifundishwa kuimba lakini hawakufundishwa kupiga kelele. Na nimewaona wenye sauti ya kifuani wakivuka salama, kwa sababu kupiga kelele ndiko walikokulia jukwaani. Warudisheni wote wawili, wafanye mambo hayo kwa mfuatano wake bila mapumziko, mara mbili mfululizo, nanyi mtoe alama kwa ile mara ya pili tu.

Kuhusu Higgins, wengi hudhani nafasi ya mtu asiyeimba ni nafasi rahisi kwa mtu asiyeimba. Rex Harrison, aliyeianzisha, hakuwa mwimbaji, na nyimbo zilitungwa ili aziseme juu ya muziki. Lakini mchezo ulipojaribiwa New Haven kabla ya kwenda Broadway, akasikia okestra kamili kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi za piano, aliingiwa na hofu kubwa hadi akakataa kutoka chumbani, na ilibidi abembelezwe na kutishwa ndipo akapanda jukwaani. Sababu si deko. Anayeimba ana noti ya kushika. Anayesema juu ya muziki hana kitu cha kushika isipokuwa mapigo, na mapigo ya watu thelathini hayafanani na ya piano moja. Kwa hiyo mkimchukua huyo wa miaka 52, tengeni siku za ziada na okestra na mziandike kwenye bajeti sasa hivi. Huyo wa miaka 36 naye atakuwa na ugonjwa wa pili: atataka kuimba. Mtalazimika kumnyang'anya noti moja baada ya nyingine hadi abaki na maneno.

Tamthilia nyingi za zama zile zilikuwa nguo za kushonewa mtu. Katika Guys and Dolls ya mwaka 1950, Nathan Detroit hana nyimbo nyingi kwa sababu Sam Levene, aliyeshonewa, hakuweza kuimba. Katika South Pacific ya mwaka 1949, Mary Martin aliogopa kusikika sambamba na Ezio Pinza aliyetoka kwenye opera, na Richard Rodgers akawatungia wakuu hao wawili mambo yao bila kuwalazimisha kushindana kwa sauti. Mnapoirudisha kazi kama hiyo, mnavaa nguo ya mtu mwingine. Lazima mjue ni mshono upi wa mhusika na upi wa mwili wa yule wa kwanza.


JIBU LA PILI
Kutoka kwa: Mwigizaji wa akiba

Nimekuwa mwigizaji wa akiba kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba mnivumilie nikisema kwa upande wa wale wanaokaa nyuma ya pazia wakiwa wamevaa nusu.

Julie Andrews alikuwa na umri wa miaka 20 tu My Fair Lady ilipofunguliwa. Sauti alikuwa nayo. Eliza hakuwa naye. Mazoezi yalipoonekana kuelekea kubaya, mwongozaji Moss Hart aliwapa wengine likizo, akajifungia naye ukumbini kwa siku mbili, akampitisha katika mchezo mstari kwa mstari, akimwonyesha, akimkaripia, akimrudisha nyuma, na Jumatatu wenzake wakamkuta mtu mwingine. Kisa hiki hupendwa sana na wale wanaotaka kuchagua sauti kwanza, kwa hoja kwamba uigizaji hufundishika. Ni kweli, lakini wanayaacha mawili. Andrews alikuwa jukwaani tangu utotoni, na Broadway alikwisha kuionja mwaka 1954 katika The Boy Friend. Hakuwa mwanafunzi aliyetoka darasani. La pili, Hart aliona kitu cha kufanyia kazi. Je, huyo binti yenu wa kwanza, mkimpa maelekezo, anabadilika? Sisemi kuboreka, nasema kubadilika. Mpeni agizo la ajabu, kwa mfano acheze tukio lote kama mtu mwenye njaa ambaye hataki ijulikane kwamba ana njaa. Akirudia vilevile kama mwanzo kwa tabasamu pana zaidi, hata mwezi mzima hautatosha. Ninashangaa jinsi majopo mengi yanavyowasikiliza watu, yanasema ahsante, na kuwaacha waende bila kuwapa hata agizo moja.

Sasa la akiba. Maonyesho manane kwa wiki ni mengi kwa koo lolote, hasa kwa nafasi yenye makelele na soprano ndani ya saa moja. Mchezo huohuo uliporudishwa London mwaka 2001, Martine McCutcheon alikosa maonyesho mengi kwa sababu ya ugonjwa, ingawa alikuwa mzuri kiasi cha kupewa Tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya jukwaa la London, mwaka uliofuata. Wenzetu wakubwa wamejifunza kupanga badala ya kuomba dua. Hello, Dolly! iliporudi Broadway mwaka 2017 na Bette Midler, jioni za Jumanne zilikuwa za Donna Murphy, na watazamaji walijua hivyo walipokata tiketi. Funny Girl ya mwaka 2022 nayo ilimpa Julie Benko Alhamisi zake baada ya Lea Michele kuingia. Huo si ukarimu kwa wenye nafasi ya pili, ni hesabu.

Mimi mwenyewe niliwahi kupigiwa simu saa kumi jioni, katika utayarishaji ambao siutaji, nikaambiwa nitaingia saa moja na nusu usiku. Sikuwahi kufanya zoezi hata moja na okestra, na gauni la ngoma ya sehemu ya pili lilikuwa limeshonwa kwa kiuno cha mwenzangu. Nililicheza likiwa limefungwa kwa pini mgongoni, na kila nilipogeuka nilihesabu pini badala ya mapigo. Tafadhali, mteueni mwigizaji wa akiba siku ileile mnayomteua mkuu, kwa vipimo vilevile, msiende kumtafuta kwenye mabaki.


JIBU LA TATU
Kutoka kwa: Aliyeuza tiketi

Wengi watakushauri umchukue mwenye jina, nao watakuletea Funny Girl kama ushahidi. Barbra Streisand aliifungua mwaka 1964, na ikapita miaka 58 kabla Broadway haijathubutu kuirudisha. Iliporudi Aprili 2022, Beanie Feldstein ndiye aliyekuwa Fanny Brice, mhusika mkuu; akaondoka mwishoni mwa Julai, Benko akashika Agosti, na Lea Michele alipoingia mwezi Septemba mauzo yakapanda hata watu wa madirishani wakasahau kwenda kula. Somo linalotolewa ni kwamba jina huuza. Mimi niliyekaa dirishani miaka mingi nalisoma kwa namna nyingine. Feldstein naye alikuwa na jina. Tofauti ilikuwa kwamba hadithi ya Funny Girl inadai ndani yake kwamba msichana huyu, ambaye kila mtu anamwambia hana sura ya jukwaa, akifungua kinywa kuimba ukumbi unasalimu amri. Sauti isipofanya hivyo kweli, kila mhusika anayemsifu anaonekana mwongo, na mtazamaji anaanza kutazama saa.

Linganisheni na Cabaret. Sally Bowles anaimba katika klabu ya ovyo, na kama angekuwa mwimbaji mkubwa tungejiuliza anafanya nini mahali pale. Natasha Richardson hakujulikana kwa uimbaji, lakini alipata Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya Broadway, kwa nafasi hiyo mwaka 1998, na hakuna aliyedai arudishiwe fedha kwa sababu ya noti.

Kwa hiyo swali ninaloliuliza kabla ya kupima sauti au jina ni hili: ndani ya hadithi, watu wanasema mhusika huyu anaweza nini? Nimeupitia mchezo wenu kichwani mwanzo hadi mwisho, na sikumbuki mahali ambapo mtu yeyote anamwambia Eliza kwamba anaimba vizuri. Wanachokishangaa, wanachokiwekea dau, wanachokicheza ngoma chumbani usiku ule, ni jinsi anavyosema. Eliza ni sikio kabla ya kuwa koo. Akikosea lahaja ya sokoni, safari haina mwanzo. Akikosea matamshi ya mabwana kwenye dansi ya ubalozi, safari haina mwisho, na yule mtaalamu wa lugha anayedanganyika pale anageuka kuwa mjinga badala ya kuwa mwamuzi. Ndugu Mwongozaji, umetuambia kwamba wa kwanza anashindwa kuwa muuza maua. Hukutuambia kama wa pili anaweza kuwa mwanamke wa daraja la juu. Mlimjaribu?

Naongeza jambo moja kwa wanaoamini kwamba nafasi ya zamani ina sura moja tu. Gypsy ya mwaka 1959, hadithi ya mama anayewasukuma binti zake jukwaani, ilishonewa Ethel Merman, sauti kama tarumbeta, na mtu angefikiri hakuna mwingine atakayeivaa. Wamekuja Angela Lansbury, Tyne Daly ambaye watu walimjua kwa kuigiza askari kwenye televisheni, Bernadette Peters, Patti LuPone, na mwaka 2024 Audra McDonald. Lansbury, Daly na LuPone walipata Tuzo ya Tony kwa nafasi hiyo. Merman mwenyewe hakuipata. Wanawake hao hawafanani kwa umbo, kwa sauti wala kwa hasira. Kinachofanana ni kwamba kila mmoja anakufanya uamini kuwa mama yule hatanyamaza hata ukimfungia nje.


JIBU LA MWULIZAJI
Kutoka kwa: Mwongozaji

Nakiri kwa haya kidogo kwamba hatukumjaribu. Wa pili tulimpa matukio mawili tu, la sokoni na la sapatu, na katika lile la sapatu anazungumza akiwa na hasira, kwa hiyo matamshi yake yalijificha nyuma ya kilio. Wa kwanza tulimpa wimbo na mazungumzo ya sokoni. Maana yake ni kwamba kila mmoja tulimpima mahali alipo dhaifu au mahali alipo hodari bila mpango, kisha tukalinganisha. Pia ni kweli kwamba hatukuwahi kumweka Eliza yeyote chumba kimoja na Higgins yeyote. Msaidizi wangu ndiye aliyekuwa akiwasomea, naye husoma kama anayetangaza ratiba ya treni.

Bado sijapata jibu la umri. Wa kwanza ana miaka 24, wa pili 29.


JIBU LA NNE
Kutoka kwa: Mwalimu wa historia ya jukwaa

Nimefurahi kwamba umerudi kwenye umri, kwani hapo ndipo panapoamua mchezo wenu utakuwa unahusu nini.

George Bernard Shaw, ambaye Pygmalion yake ndiyo mzizi wa hadithi, aliandika kwamba Eliza ana labda miaka 18, labda 20, na Higgins arobaini hivi. Lakini yeye huyohuyo, mchezo ulipofunguliwa London mwaka 1914, nafasi ya muuza maua alikuwa amempa Mrs Patrick Campbell, aliyekuwa na miaka 49. Kwa hiyo ukiona mtu anakasirika kwamba umri haulingani na maandishi, mwambie mwandishi mwenyewe ndiye wa kwanza kuyavunja. Mwaka 1956 Harrison alikuwa ametimiza 48 siku chache kabla ya ufunguzi, na Andrews 20. Mwaka 2018, Bartlett Sher alipoirudisha Lincoln Center, New York, alimchukua Lauren Ambrose aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko Higgins wake, Harry Hadden-Paton. Hiyo haikuwa bahati nasibu. Higgins aliyekaribia hamsini anaweza kuonekana kama baba mkali mwenye moyo uliojificha. Higgins kijana hana kisingizio hicho. Anakuwa mtoto aliyedekezwa, na anapokimbilia kwa mama yake katika sehemu ya pili, watazamaji wanacheka kwa sababu wamemtambua.

Na hapo panazuka suala la mwisho wa mchezo. Shaw alichukia sana watu walipotaka wawili hao waoane, hata akaandika maelezo marefu, yaliyochapishwa mwaka 1916, akieleza kwamba Eliza anaolewa na Freddy, yule kijana anayempenda. Lerner akaumaliza wake kwa Eliza kurudi na Higgins kuulizia sapatu zake. Mstari huo mmoja, ukisemwa na mtu wa miaka 52 kwa msichana wa 24, una ladha ambayo watazamaji wa leo wataiacha mdomoni hadi nyumbani, na si lazima iwe ile mliyoikusudia. Ukisemwa na wa miaka 36 kwa wa 29, unaweza kuwa utani, unaweza kuwa ombi la msamaha la mtu asiyejua kuomba. Sher aliacha maneno yalivyo, lakini Eliza wake akageuka, akashuka jukwaani, akatoka kupitia katikati ya watazamaji. Mpangilio huo unahitaji Eliza ambaye tunaamini ana mahali pa kwenda. Kwa hiyo amueni kwanza mlango wa mwisho unafunguka upande gani, kisha mtafute wa kuupitia.

Sura za waanzilishi zisiwafunge pia. Hello, Dolly! ya Carol Channing ya mwaka 1964 ilipata uhai mpya mwaka 1967 Pearl Bailey na Cab Calloway walipoingia na kundi zima la waigizaji weusi. Carousel iliporudi Broadway mwaka 1994, Audra McDonald alikuwa Carrie Pipperidge na akapata Tony yake ya kwanza akiwa na miaka 23. Mwaka 2018 Joshua Henry, mweusi kama McDonald, akawa Billy Bigelow, mhusika mkuu wa mchezo huohuo. Katika kazi ambazo rangi ya mhusika si kiini cha hadithi, hoja ya kwamba watu wamezoea sura fulani haina uzito mbele ya mtu anayeiweza nafasi.


JIBU LA TANO
Kutoka kwa: Kiongozi wa muziki

Narudi kwa ufupi tu. Waiteni wote wanne siku moja, mfanye jozi zote nne, na matukio yawe matatu yaleyale kwa kila jozi: zoezi la matamshi linalogeuka kuwa ngoma, ugomvi wa sapatu, na mazungumzo ya mwisho nyumbani kwa mama. Wimbo uimbwe mwishoni, wakiwa wamechoka. Wajumbe wa jopo wasizungumze hadi jozi ya nne itoke, kwa maana mtu mmoja mwenye sauti nene akisema neno baada ya jozi ya kwanza, wengine hawataona tena kwa macho yao.

Na kwa watakaonikumbusha filamu ya My Fair Lady ya mwaka 1964, ambamo sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn iliimbwa na Marni Nixon: kwenye filamu unaweza kuazima koo la mtu. Jukwaani kila mmoja huja na lake.


JIBU LA MWULIZAJI
Kutoka kwa: Mwongozaji

Tulifanya hivyo Jumamosi iliyopita, na nimeona si haki kuwaachia nusu ya habari.

Mzee wetu wa miaka 52 alikuwa mzuri mno, na ndiyo iliyokuwa taabu. Kila Eliza aliyesimama naye alimtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu mkuu. Ugomvi wa sapatu ukawa karipio la upande mmoja, na hata wa pili, ambaye siku ya kwanza alitunyamazisha, safari hii alipunguza sauti kwa heshima bila mwenyewe kujua.

Kijana wa miaka 36 ana tabia ya kumkata mtu maneno. Alimkata yule wa kwanza katikati ya sentensi, mara mbili, na mara ya tatu binti yule, ambaye tulisema ni wa masizi ya picha, alimgeukia kwa uso ambao sikuwa nimeuona. Alisahau kuwa anafanya usaili. Lahaja yake ya sokoni ilitoka yenyewe, ikiwa na makosa mawili au matatu yanayorekebishika, na dakika kumi baadaye alikuwa akizungumza nyumbani kwa mama kwa utulivu wa mtu aliyepima kila irabu. Kisha akauimba wimbo baada ya hayo yote, na ukapanda. Wa pili alikuwa na moyo zaidi yake katika kila tukio, hilo jopo zima linakubali, lakini matamshi yake ya juu yaliteleza kila alipoingia kwenye wimbo, kana kwamba koo moja halikuweza kubeba kazi mbili.

Tumemteua wa kwanza pamoja na kijana wa miaka 36, na meneja wetu wa mauzo bado hajanisemesha. Wa pili tumempa mkataba wa maonyesho mawili kila wiki, Jumatano mchana na Jumapili, yatakayoandikwa kwenye tangazo kwa jina lake, pamoja na mazoezi yake mwenyewe na okestra na gauni lake mwenyewe. Kwa maonyesho hayo mawili tumewaandikia wenye haki kuomba ufunguo wa chini, na barua yao hatujaipata. Yeye aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Leo ni siku ya tatu.